Mafuta ya Papa kwenye Tanuri la Bi Kaltuma

Msiniite fundi. Miaka mitatu mizima kambi hii ya wakimbizi ya Mombasa imenipigia kelele, fundi Mbwana njoo, fundi Mbwana tazama, na mimi nikaenda, lakini kila nilipoitwa hivyo niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nyie mliofika jana hamjui, basi kaeni niwaambie, kabla hamjaambiwa na wengine.

Kule Kismayo, mwaka mmoja kabla ya vita kutufikia, jirani yangu Bi Kaltuma alikuwa na tanuri la gesi. Mumewe, Shihab, alikuwa baharia, akalileta kutoka Uarabuni, na mtaa mzima ukaenda kulitazama utadhani kateremka bibi harusi. Unabonyeza kitufe, waya zinapeleka umeme, cheche zinaruka tak tak tak, gesi inashika moto. Hakuna kiberiti wala kupuliza. Bi Kaltuma akioka mikate humo, watu waliotoka msikitini miguu iliwapeleka kwake yenyewe.

Lakini chumvi ya bahari haina adabu. Miezi minane tu, vichwa vya waya vikaota kutu ya kijani, cheche zikawa zinaruka siku zikipenda. Nikaitwa. Nikafungua mgongo wa tanuri, nikasugua kutu kwa msasa, nikakaza skrubu, nikabadilisha waya uliooza. Tanuri likawaka mara ya kwanza. Laiti ningefunga mfuko wangu nikaenda zangu!

Sasa mimi ni mtu wa kisiwa cha Ngumi. Kwetu kisiwani, kitu chochote kinachoogopa chumvi hupakwa mafuta ya papa: mashua, bawaba za milango, hata baiskeli ya mwalimu. Nikachukua kopo langu, nikazipaka waya zote, toka kwenye kitufe mpaka pale gesi inapotokea.

"Mbwana, hayatanuka?" Bi Kaltuma akauliza, kaziba pua kwa mtandio.

"Yatanuka siku mbili, waya zitadumu miaka ishirini. Weye niachie mimi."

Niachie mimi! Nilijivunia upuuzi, mtu mzima na kopo la mafuta mkononi.

Wiki ya tatu, asubuhi, nikasikia kishindo, kisha yowe. Nilipofika, Shihab alikuwa akimmwagia mkewe maji. Nyusi zimeungua, mikono imebabuka mpaka viwikoni. Wanawake wakamkimbiza hospitali, na Shihab akaniambia nitazame tanuri limepatwa na nini.

Nikafungua mgongo. Ya Rabi, panya! Walifuata harufu ya mafuta yangu, wakazitafuna waya mpaka shaba ikabaki uchi, inagusa bati. Cheche zilikuwa zikirukia hukohuko nyuma. Maskini Bi Kaltuma anabonyeza, moto hauji, gesi inajaa. Anabonyeza tena, gesi inazidi, mpaka cheche moja ikaifikia. Waya za taa zilipita ukutani palepale, hakuna hata mmoja ulioguswa. Ni zile nilizozipaka mimi tu.

"Vipi?" Shihab akauliza nyuma yangu.

Mgongo wangu ulikuwa umemziba asione. Nikazing'oa waya zile, nikazitia mfukoni. "Waya hazina neno," nikasema. "Bi Kaltuma kafungua gesi, akaisahau." Nililitamka hivyo hivyo, wala sikumeza mate.

Shihab hakuwa mtu wa kupiga, alikuwa mtu wa kununa. Kwa mkewe hakuwa na neno jema tena. Na Bi Kaltuma mwenyewe akasadiki. "Labda niliisahau," akiwaambia wanawake, huku akiitazama mikono yake. Toka siku ile hakuwasha hata jiko la mkaa. Binti yake, Rawda, ndiye aliyepika.

Vita vikaja, tukakimbia kwa mashua moja, mimi na wao. Shihab akashikwa na homa njiani, na tulipofika Ras Kamboni hakuweza kusimama. Tukamlaza kwenye kibanda cha makuti, nikashika kata ya maji, nikawa namnywesha. Akaushika mkono wa mkewe wenye makovu.

"Kaltuma," akasema, "ule moto nimekusamehe."

Bi Kaltuma akalia, akambusu kiganja, akamwambia ahsante. Ahsante! Nami nipo papo hapo, kata mkononi, mdomo nimeufumba kama chaza. Alfajiri tulimzika.

Basi juzi tukaletewa tanuri la gesi la kuokea mikate ya futari, nikaitwa kuunganisha waya. Wanawake wakasema mwokaji ni mmoja tu, wakamvuta Bi Kaltuma mpaka mlangoni. Akang'ang'ania kizingiti.

"Mie siaminiki na moto," akasema. "Nitaunguza watoto wa watu. Muulizeni Mbwana, yeye anajua."

Wakanigeukia wote. Ningeweza kusema basi, aoke mwingine, na mambo yangeishia hapo. Lakini nikamwona ataishi na kosa langu mpaka kaburini, na bado ananitaja mimi shahidi wake.

"Gesi hukuisahau," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, nikaichukia. Nikaeleza yote: mafuta, panya, waya, mfuko. Rawda akaniangalia kama kitu alichokikanyaga njiani. Mama yake hakunitazama kabisa.

"Ras Kamboni," Bi Kaltuma akasema polepole, "kata ya maji uliishika weye."

"Ni mie."

"Ulimsikia akinisamehe."

"Nilimsikia."

"Ukanisikia nikimwambia ahsante."

Nikaanza kumwomba radhi, nimwagike pale miguuni pake. Akaninyoshea kiganja chenye makovu, ninyamaze.

"Usiniambie mie," akasema. "Kamwambie Shihab."

Akanipita, akaingia jikoni, akainama mbele ya tanuri, akabonyeza kitufe. Tak, tak. Moto ukashika. Akausimamia, machozi yanamtiririka, kisha akamwambia Rawda alete unga. Mimi nikaokota bisibisi yangu nikatoka, na wanawake mlangoni wakakusanya nguo zao nisiziguse.