Damu ya Shemeji

Mtaalamu alimbonyeza mgonjwa shingoni, pale penye uvimbe, kisha akatoa leso na kujifuta vidole kimoja kimoja kama mtu aliyeshika kinyesi cha kuku. Mama Pacha, mke wa mgonjwa, aliona yote. Alitamani kumtemea mate usoni.

Walikuwa kwenye ukumbi wa shamba, ule ambamo wafanyakazi hutazama mpira, na leo uliwekewa meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Bodi ya fidia ilikuja kuamua jambo moja tu: saratani ya matezi inayommaliza mumewe imeletwa na dawa ya magugu aliyoibeba mgongoni miaka yote ile, au haikuletwa nayo? Bodi ikisema ndiyo, shamba litampeleka hospitali kubwa. Ikisema hapana, atarudi kulala chumbani kwa mdogo wake, asubiri kufa. Nyumba yake mwenyewe alishanyang'anywa, siku ile ile aliyoachishwa kazi.

Wapiga dawa wenzake walimwita Bomba. Enzi hizo alikuwa akijitwika bomba lililojaa na bado anaimba njia nzima. Sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki, mate yakimchuruzika hadi kwenye kola, na alinuka. Ajisugue vipi, alinuka ile dawa. Mama Pacha alifua ovaroli zake tangu wameoana, na harufu ile ilikuwa imeingia hadi kwenye mito ya watoto. Mezani kulikuwa na sahani ya kuku wa kukaanga. Mwenyekiti wa bodi alikuwa akimung'unya mfupa huku akisikiliza, midomo inameta mafuta.

Wa kwanza kusema alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mwanamke mwembamba mwenye miwani. Alieleza kwamba aliwachukua wagonjwa wa saratani ya matezi na watu wazima wa afya wa umri huo huo, akawalinganisha. Waliopiga dawa ya magugu kwa miaka mingi walikuwa wengi zaidi upande wa wagonjwa.

"Utafiti mmoja hauthibitishi kila kitu," alisema. "Lakini huu unaelekeza huko, na si peke yake."

Mama Pacha alimwomba Mungu mama yule aseme kwa nguvu kidogo. Kwa nini watu wakweli wanaongea kama wanaomba radhi?

Ndipo akasimama mtaalamu wa kampuni inayotengeneza dawa, yule wa leso.

"Dada yangu kaenda wodini kutafuta wagonjwa, kawapata," alisema, na meza nzima ikacheka. "Halafu anawauliza wakumbuke walipiga dawa gani miaka kumi iliyopita. Mimi hata nilichokula juzi sikikumbuki. Sisi hatukuuliza mtu. Tulikuja hapa hapa shambani, tukawapima wapiga dawa wote damu na shingo. Hatukumkuta hata mmoja mwenye kasoro. Huyu mzee naye alikuwemo. Damu yake ilikuwa safi kabisa."

"Nani alilipia utafiti huo?" mhadhiri akauliza.

Mwenyekiti akautoa mfupa mdomoni. "Mwalimu, pesa haina ugonjwa. Hapa tunaangalia sayansi."

"Basi tuiangalie. Wapiga dawa wote wa shamba zima, hata mmoja hana kasoro? Hata ukipima timu ya mpira utamkuta mmoja mgonjwa. Majibu mazuri kiasi hicho yananitia shaka."

"Wivu huo," mtaalamu akasema, na wakacheka tena.

Mama Pacha hakucheka. Yeye alijua kwa nini majibu yalikuwa mazuri, na kila mpiga dawa aliyekaa nyuma yake alijua. Wakati ule nyapara alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba daktari anakuja, na atakayekutwa na kasoro atapumzishwa kazi. Hakuna aliyewaambia kwamba huo ni utafiti. Walidhani wanapimwa kama bado wanafaa kazi. Basi kila mwenye kikohozi, kila mwenye vidonda, kila mwenye uvimbe akatafuta mzima wa kumsimamia: ndugu, jirani, yeyote mwenye deni la fadhila. Daktari aliita namba za kazi, sura hakuziangalia. Bomba, ambaye tayari alikuwa na uvimbe kwapani, alimtuma mdogo wake, aliyekuwa mpagazi sokoni, mwenye kifua kama mlango. Nyapara aliwaona wageni wale kwenye foleni na akajitia hamnazo. Shamba zima lilitoa damu ya kuazima.

Mama Pacha akapiga moyo konde, akasimama.

"Mheshimiwa, aliyepimwa si mume wangu. Ni shemeji yangu, yule pale. Na si yeye tu. Wagonjwa wote walituma watu wazima."

Mhadhiri alivua miwani. Mwenyekiti aliwageukia wapiga dawa.

"Ni kweli? Nani mwingine alituma mtu? Asimame."

Nyapara alikuwa ameegemea mlango, anachokonoa meno. Hakuna aliyesimama. Wanaume wazima walitazama viatu vyao.

"Wewe," mwenyekiti akamnyooshea kidole shemeji, ambaye sasa naye alikuwa mpiga dawa. "Ulitoa damu kwa namba ya kaka yako?"

Shemeji alimtazama nyapara, akamtazama kaka yake. "Hapana, mzee. Shemeji kachanganyikiwa. Ugonjwa umemchosha."

Bomba alitoa sauti kama anataka kucheka, ikaishia kwenye kikohozi.

"Tusipelekwe na minong'ono," mwenyekiti akasema, akijifuta mikono kwa kitambaa cha meza. "Jumatatu wapiga dawa watapimwa upya. Majibu yakiwa yale yale, utafiti ni sahihi na madai ya huyu mzee tunayafunga. Yakiwa tofauti, tutazungumza."

Nyapara aliwasubiri wapiga dawa nje. "Mmesikia. Atakayekutwa na kasoro atapumzishwa, na nyumba arudishe."

Jioni Mama Pacha alikuwa akimfuta mumewe mate, shemeji alipoingia. Chumba ni chake, lakini alisimama mlangoni kama mgeni.

"Nisamehe, shemeji. Ningesemaje, na nyapara yupo pale?"

Shemeji akafungua vifungo vya shati. Chini ya shingo palikuwa na kivimbe, bado kidogo.

"Tangu lini?"

"Sijui. Nilidhani jipu." Akavifunga tena vifungo. "Yule kaka yako mfyatua matofali, bado yuko imara?"

Mama Pacha aliwatazama pacha waliolala miguuni kwa baba yao. Shingo hii ikienda Jumatatu, bodi itaiona, na huenda Bomba akapelekwa hospitali. Huenda. Na kabla bodi haijamaliza kuzungumza, wao wote watakuwa barabarani na magodoro yao. Bomba alikuwa macho, alikuwa amesikia, na aligeuza uso ukutani.

"Yuko imara," akasema, na maneno yakamnukia mdomoni. "Mpe namba yako ya kazi. Nitamwambia asile kitu asubuhi."