Shubiri Nne Mlangoni

Mtaani wananiita Milimita, kwa sababu miaka arobaini ya useremala sijakosea kipimo. Basi sikilizeni jinsi Milimita alivyojiaibisha.

Meza yangu ya kazi hulala chumba cha nyuma, lakini kuranda ni uani, vumbi lisije likahamia kitandani. Ile ya zamani tulikuwa tukiibeba wawili, mimi na mke wangu. Kila asubuhi tukifika mlangoni namwambia, "Polepole upande wako." Naye hujibu, "Wangu uko salama, angalia wako." Alipofariki, meza ilibaki ndani miezi saba, nami nikabaki kuitazama.

Binti yangu akapiga simu. "Baba, hamia kwangu. Huko unaishi na randa tu, na randa haipiki."

"Hata mimi sipiki. Tunaelewana."

"Jumamosi nakuja. Ukiweza kuitoa meza peke yako na kuirudisha, sitasema tena. Ukishindwa, unafungasha."

"Nitaitoa kwa kidole kimoja, bibie."

Nikaanza kuunda meza mpya humo humo chumbani: miguu minene, jiliwa la kubania mbao, na chini magurudumu manne yenye breki. Nilitaka iwe pana kadiri mlango utakavyoruhusu. Kwenye mwimo wa mlango palikuwa na maandishi ya penseli ya mke wangu, aliyopimia upana wake siku tulipoingiza kabati: *shubiri nne*. Futi ya kupimia ilikuwa imening'inia shingoni mwangu, wala sikuigusa. Nikatandaza kiganja juu ya ubao, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, mara nne. Nikapunguza upana wa vidole viwili, nikakata.

Alhamisi meza ikatembea kwa maringo hadi mlangoni, ikagoma. Nikasukuma. Nikayatukana magurudumu, nikayaomba radhi. Ndipo nikautazama mkono wangu. Shubiri zile zilikuwa zake, si zangu. Mkono niliokuwa nikiushika miaka thelathini na mmoja, nimesahau udogo wake kwa miezi saba.

Jirani, fundi baiskeli, akachungulia. "Milimita, leo umekuwa Mita?" Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Ng'oa huo mwimo. Nusu saa tu, inapita."

"Mwimo hauguswi."

Akayaona maandishi. Akajikuna shingo, akasema ana tairi la kuziba, akaenda zake.

Nikafungua skrubu zote, nikaukata ubao upya, nikasogeza miguu ndani. Ijumaa nzima iliishia hapo, na mgongo wangu nao karibu uishie hapo.

Jumamosi binti akaja. Nikaitoa meza, nikairudisha. Sawa, si kwa kidole kimoja; vilikuwa viwili. Alikuwa akicheka, mpaka akayaona maandishi ya penseli. Akaweka kiganja chake mlangoni, akapima: moja, mbili, tatu, nne. Kidole cha mwisho kikagusa mwimo wa pili, bila kuzidi wala kupungua.

"Umeshinda, baba," akasema, uso kaugeuzia ukutani.

Tukala. Akaosha vyombo, akaondoka.

Jua lilikuwa bado lipo, na kuna ubao ulikuwa unanisubiri. Nikafungua breki, nikaisukuma meza taratibu kuelekea uani. Mlangoni maneno yakaniponyoka.

"Polepole upande wako."

Nikasubiri kidogo. Kisha nikaangalia wangu, nikapita.