Bizimu la Babu Delmer

Basi la njano lilikuwa limekwisha kulipita ghala la ngano na kushika lami pikapu ya Babu Delmer ilipotokea ubavuni, upande wa mlango, magurudumu mawili majanini na honi haikomi. Babu mwenyewe alikuwa amechomoza mkono dirishani, akipunga mkanda wa ngozi kama mtu anayefukuza ndama aliyevunja zizi.

"Rae, huyo si babu yako?" Colton Yandell akauliza. "Anataka kutupita au kututandika?"

Raelynn Hutto alitamani sakafu ya basi ipasuke immeze. Dereva, Bi. Nadine, akapunguza mwendo bila kusimama, akafungua mlango.

"Delmer! Mzee wa miaka sabini na sita wewe! Shika usukani!"

"Mpe mjukuu wangu! Ana mtihani leo, aende bila bahati?"

Mkanda ukaruka ndani, ukapitishwa mkono kwa mkono mpaka viti vya nyuma, wanafunzi wakipiga vigelegele. Raelynn akauvaa. Angefanyaje? Mkanda wake wa kitambaa akautupa chini ya kiti, na jinzi aliyorithi kwa kaka yake, pana kiunoni kama gunia, ikakamatwa vizuri.

Bizimu la mkanda ule lilikuwa la chuma, kubwa kama kisahani cha kahawa. Babu Delmer alivalisha farasi viatu vya chuma maisha yake yote, na hilo alilifua kutokana na kiatu cha Biskuti, farasi aliyempa marehemu mkewe, Bibi Opal, ushindi wa mbio za kuzunguka mapipa miaka mitatu mfululizo. Katika nyumba ya akina Hutto hakuna aliyekwenda kwenye jambo zito bila bizimu hilo. Bila shaka jambo la leo lilikuwa zito.

Kila mchana, baada ya masomo ya asubuhi sekondari, basi liliwachukua kwenda kituo cha ufundi, na Raelynn alisomea upimaji ardhi. Masomo yale chuo alichotaka kujiunga nacho kiliyahesabu kama yamesomwa kwake, kila somo na krediti zake. Alikwisha kupata krediti tisa. Mtihani huu ungempa tatu za mwisho. Akiwa na kumi na mbili angeruka muhula wa kwanza na kuingia Januari pamoja na wenzake. Akizikosa, angengoja mpaka vuli ya mwaka utakaofuata, maana vuli hii inayokuja nyonga ya babu ingepasuliwa, na ng'ombe hawajilishi wenyewe. Mama yake naye aliwahi kusema "mwakani." Alilisema neno hilo akiwa na miaka kumi na minane, na sasa ana arobaini na mmoja, bado anauza chakula cha mifugo katika duka la ushirika. Ngojangoja huumiza matumbo.

Mtihani ulikuwa malishoni nyuma ya kituo. Vigingi sita kwenye udongo mwekundu. Unatoka kigingi cha kwanza, unapima urefu kwa futikamba na mwelekeo kwa dira, unazunguka mpaka ulikoanzia, kisha unapiga hesabu. Hesabu ikirudi ulikotoka, umefaulu. Njia nzima ilikuwa futi elfu tatu, na kosa lililoruhusiwa ni futi kumi.

"Ukitaka kurudia, rudia," alisema Bi. Ibarra, aliyetumwa na chuo. "Saa tisa kamili nakusanya daftari."

Mwalimu Tackett, aliyepima mashamba miaka thelathini kabla ya kufundisha, alisimama pembeni mikono mfukoni, maana alikatazwa kusema neno. Colton alishika fimbo ya kulengea. Zamu yake ilikuwa kesho. Na nje ya uzio ilikuwepo pikapu. Babu alikuwa amelifuata basi mpaka pale, akakaa anakula mkate wenye soseji ya kukaanga, akitazama kama mtu aliyekata tiketi.

Saa nane na robo Raelynn alipiga mstari chini ya hesabu yake. Futi tisini na sita.

"Tisini na sita?" Colton akachungulia. "Dada, hapo umetoka malishoni, umeingia kanisani kwa Wamethodisti."

"Nyamaza, Colton."

Alirudia kujumlisha. Tisini na sita zilezile. Akatazama mistari mmoja mmoja. Iliyokwenda kaskazini na kusini ilikaa sawa. Iliyokwenda mashariki na magharibi yote ilipinda, tena yote ilimsukuma kusini. Mkono unaotetemeka haukosei kwa mpango hivyo.

Akaiweka dira juu ya kisiki afikiri. Sindano ikatulia. Akainama kuitazama karibu, na sindano ikageuka ikamwelekea tumboni, kama mbwa aliyenusa nyama mfukoni. Akarudi nyuma, ikatulia. Akasogea, ikamfuata.

Mwalimu Tackett alianza ghafla kuchunguza mawingu.

Raelynn akaelewa, akalishika bizimu kiunoni. Saa ile tu babu alimpungia kutoka dirishani, mkate mkononi. Kulivua bizimu mbele ya macho yale ilikuwa kama kumkana Bibi Opal mwenyewe. Lakini muda wa kusitasita hakuwa nao. Akaufungua mkanda, akaenda nao kwenye uzio, mkono mmoja umeshika suruali.

"Babu, nishikie."

Babu akaacha kutafuna. "Nini? Linakubana?"

"Linaivuta dira. Kila nikiangalia mashariki au magharibi, linanipoteza."

Mzee alilitazama bizimu, akaitazama dira, akaitazama mbingu. Uso ukamwiva.

"Mwaka themanini na tatu," akasema polepole, "nilikwenda kuwinda kulungu na dira mpya. Nilipotea siku mbili. Nililala na sungura! Nikawaandikia wenye kiwanda cha dira barua ya matusi, kurasa nne. Na kiunoni nilivaa nini? Bizimu la kiatu cha pili cha Biskuti!" Akacheka mpaka akakohoa mkate. "Opal wangu! Kumbe ni wewe! Lete hapa hilo jini, mwanangu. Nenda!"

Raelynn alijifunga suruali kwa utepe wa rangi ya chungwa, ule wa kuwekea vigingi alama, akakimbia. Urefu alikuwa nao. Zilibaki pembe za dira tu. Ncha za utepe zilipeperuka nyuma yake kama mkia wa tiara. Saa tisa kasoro dakika nne alimpa Bi. Ibarra daftari. Kosa lilikuwa futi tatu na nusu.

Bi. Ibarra alisoma, akaangalia utepe, akatia sahihi.

Raelynn alipata krediti zake kumi na mbili, akaenda chuo Januari. Sasa anapimia kaunti barabara. Colton siku ya pili alikosea kwa futi mia mbili bila bizimu lolote, akahamia darasa la kuchomelea vyuma, na anapendwa huko. Nyonga ya babu ilipona. Barua ya kuomba radhi aliiandika, ukurasa mmoja, ikarudi kwa sababu kiwanda kilifungwa zamani. Bizimu linaning'inia darasani kwa Mwalimu Tackett, mbali na dira. Mama yake Raelynn amechukua fomu za chuo. Anasema atazijaza mwakani.