Kikombe Kisichojaa

Leelawathie alikuwa akikuna nazi uani, katika nyumba ya mahujaji pale Bodh Gaya, India, maana msafara wao ulikuja na kila kitu kutoka Sri Lanka isipokuwa mikono ya kutosha jikoni. Siku hiyo walikuwa wakiwalisha watawa. Baada ya chakula kila mtu angemmiminia maji marehemu wake: unamimina toka kwenye birika hadi kikombe kifurike, na thawabu ya sadaka inamfikia.

Leelawathie hakuwahi kummiminia mwanawe Jayantha. Kijana alichukuliwa akiwa mwanafunzi, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na watu wenye gari lisilo na namba, na tangu hapo hakuna mkubwa aliyekiri hata kumwona. Akimmiminia, atakuwa amemzika kwa mkono wake. Asipommiminia, na kama kweli alikufa, basi huko aliko anashinda na njaa. Jambo hilo lilimkondesha mama wa watu kuliko uzee.

"Mmiminie tu, dada," alisema jirani yake Gunaseeli. "Umefika mpaka kwenye mti wa Buddha, urudi na mzigo uleule?"

Akakubali. Watawa wakaanza sala, Gunaseeli akamshika kiwiko kama ilivyo desturi, naye akamimina.

Maji yalifika nusu ya kikombe, yakakaa hapo. Birika likaisha. Wakaleta jingine, kisha ndoo ya jikoni. Sahani iliyokuwa chini ya kikombe ilibaki kavu kama ulimi wa mwenye saumu.

"Jamani, fanyeni haraka," alilalamika Sirisena, kiongozi wa msafara. "Dereva hangoji wafu!"

Mtawa mzee akachungulia kikombe, akafuta miwani yake, akachungulia tena.

"Weka ndoo chini, mama. Huyu hapokei. Bado anakula chakula chake mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Kikombe hakisemi hayo." Akawageukia wengine. "Anayefuata."

Leelawathie alilia, akacheka, akajifuta kwa upindo wa sari yake nyeupe. Alijua kwamba akirudi nyumbani atakwenda tena kituoni, na askari wa zamu atamwambia hawana habari za mtu huyo, kama walivyomwambia askari waliomtangulia. Atakwenda hivyo hivyo.

Kabla basi halijaondoka alipita kwenye vibanda vya nje ya hekalu, akachagua shati la buluu.

"Saizi gani, mama?" aliuliza muuzaji, ambaye Kisinhala, lugha ya mahujaji hao, alikifahamu kama cha kwao.

Leelawathie hakujua. Shati la mwisho alilomfulia mwanawe lilikuwa la kijana mwembamba, wa kuhesabika mbavu. Akatazama huku na huku. Sirisena alikuwa akipiga kelele mlangoni mwa basi, kitambi mbele, mvi masikioni, mtu wa umri aliofikia Jayantha sasa.

"Sirisena," akamwita, "hebu njoo usimame hapa nikupime."

Sirisena akaja, akampa mgongo, akanyoosha mabega.