Pumzi Nne za Ekitela

Mdogo wangu Ekitela ndiye aliyekuwa fundi wa kuchuna mbuzi katika kijiji chetu chote cha Chechelesi. Mbuzi akishachinjwa, anatoboa ngozi kwenye mguu wa nyuma, anaweka mdomo, anapuliza. Ngozi inaachana na nyama, mbuzi anajaa kama godoro. Pumzi nne tu! Ndiyo maana mimi dada yake, Apua, nilivumilia majigambo yake miaka yote.

Mwezi wa tisa, wakwe wa binti yake Lorna wakaja kutoka Meru. Ekitela akamtangazia mzee Mutembei, baba wa bwana harusi, "Harusi Desemba, mbuzi napuliza mimi. Mtu mwingine asiguse!" Akazima sigara, akainamia mbuzi wa siku hiyo.

Phuu. Phuu. Ya tatu ikawa kikohozi. Akakohoa mpaka kofia ikaanguka. Mbuzi? Bapa vilevile.

"Puliza basi," nikamwambia, "ama tuite fundi wa baiskeli na pampu yake?"

Wakwe wakacheka. Lorna, ambaye ni muuguzi, hakucheka. Alimchuna mbuzi kwa kisu, akatoa mapafu, akayapuliza kupitia koo la mbuzi. Yakafura, laini, kisha yakanywea.

"Baba, humu kuna vifuko vidogo sana, na hapo ndipo hewa huingia kwenye damu. Njiani kuna vinywele vinavyofagia uchafu. Moshi unavilemaza vinywele, unaacha lami, unachanachana vifuko. Vikichanika, havishoneki."

"Huyu mbuzi hakuvuta," nikaongeza. "Alikuwa na akili."

Ekitela aliyatazama sana. "Na yangu?"

Lorna akaweka sikio kifuani mwake. "Yanapiga mluzi, baba. Lakini ukiacha leo, yaliyobaki yatakushukuru."

Hapo mzaha ukanitoka. Nilimwona mdogo wangu anaogopa. Akanipa pakiti yake ya sigara. "Ficha, dada. Nikikuomba, nitukane."

Nikamtukana miezi mitatu, kwa moyo wote. Siku moja alinibembeleza kama mtoto, nikamfungia mlango.

Desemba ikafika. Akainamia mbuzi wa harusi, na mimi nikahesabu pumzi. Tano. Nane, akapumzika, mkono kiunoni. Hakuna aliyecheka. Kumi na moja, mbuzi akajaa!

Watu wakashangilia. Ekitela akanitafuta kwa macho, anangoja nimchokoze.

"Umetuchelewesha, wageni wana njaa!" nikafoka, huku machozi yananitiririka.