Sahani ya Pili

Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa tayari kutazama filamu na Shangazi. Si kwamba ana maneno mengi. Ana machache, ila yanakata. Picha ikianza tu, bibi arusi hajamaliza hata kutabasamu, Shangazi anasema, "Huyu harudi kwao hai," kisha anaendelea kumenya chungwa lake. Na kweli, bibi arusi harudi. Muuaji humjua kwa viatu. Mume mwongo humjua kwa anavyofungua mlango. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alimpachika jina la Mtabiri, na akisikia sauti yake getini huzima televisheni akajifanya anasoma gazeti.

Mwenyewe hakuwa na habari na filamu. "Zote ni shati moja," aliniambia. "Wanabadilisha vifungo tu." Anayajua mashati, ana duka la dobi, na pasi ameishika tangu kabla mimi sijazaliwa.

Basi jino likamshika. Alilivumilia kwa maji ya chumvi na ubishi mpaka shavu likaumuka, ndipo akakubali nimpeleke kwa daktari wa meno. Nikaomba ruhusa kazini, tukaenda asubuhi.

Chumba cha kusubiria kilikuwa na mabenchi mawili, picha ya jino lililopasuliwa katikati, na feni ambayo kila ikigeuka shingo ilitoa mlio kama wa mtu anayejinyoosha. Televisheni ilikaa juu ya kabati la mafaili. Tulimkuta mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ameegemeza shavu kwenye kiganja, na dereva wa basi akiwa bado kwenye sare yake. Dada wa mapokezi alitumbukiza diski kwenye mashine, akarudi kukaa.

Filamu ikaanza na mwanamume wa makamo anayeosha sahani. Akaiosha. Akaisuuza. Akaigeuza, akaiosha tena.

"Dada," dereva akasema, "tumekuja kung'olewa meno au kulazwa? Huna nyingine?"

"Nyingine imekwaruzika," dada akajibu bila kuinua kichwa.

Yule bwana akapika. Akaweka mezani sahani mbili, akapakua chakula kwenye zote mbili sawasawa. Akakaa, akala ya kwake taratibu, peke yake. Alipomaliza akaifunika ile ya pili kwa kitambaa, akatoka nayo nje gizani, akarudi mikono mitupu. Asubuhi akafungua mlango, sahani iko kizingitini, imeoshwa, inang'aa.

"Mkewe amekufa," akasema Shangazi. "Anamwekea marehemu."

"Marehemu anaosha vyombo?" mzee wa kofia akauliza.

Shangazi akamtazama. Hajazoea kuulizwa. "Basi ni mbwa."

"Mbwa naye anaosha vyombo?"

Dereva akacheka, kisha akashika taya.

Filamu ikaendelea polepole. Mchana yule bwana alikuwa na kesi na jirani yake, mtu mfupi mwenye ndevu, kwa ajili ya mtaro wa maji uliopita kati ya nyumba zao. Walikuwa wakitupiana maneno juu ya ukuta, kila mmoja akimwita mwenzake mwizi wa ardhi. Mahakamani hakimu akawaamuru wakae pembe mbili tofauti kama watoto wa chekechea. Tulicheka. Shangazi akasema huyo jirani amewekwa ili watu wachangamke, tusimtie maanani. Usiku unaingia, sahani mbili mezani, moja inatoka.

Nikamwona Shangazi amesogea mpaka ukingoni mwa benchi. Mkono uliokuwa shavuni umeshuka.

"Kamficha mtu," akanong'ona. "Kwenye lile banda la kuni. Mfungwa aliyetoroka."

"Banda tumeliona halina mlango," mzee akasema.

"Basi ni yeye mwenyewe. Ana wazimu. Anakula usiku halafu anasahau."

"Hilo nalikubali kidogo," akasema dereva.

Dada wa mapokezi akaita: zamu ya mzee. Mzee akasema mama huyu ana maumivu kumshinda, atangulie. Shangazi akasema hapana, mkubwa ni mkubwa, heshima kwanza. Wakamgeukia dereva. Dereva akasema jino lake limetulia ghafla, ajabu kweli, labda ni hewa ya humu. Sote tukatazama mbele, kama wanafunzi ambao hakuna aliyevunja dirisha.

Mlango wa ndani ukafunguliwa, daktari mwenyewe akatoka na glavu mikononi. "Leo hapa hakuna mwenye jino bovu?" akauliza. Jicho lake likatua kwenye shavu la Shangazi. "Mama, hilo halina siri. Karibu ndani."

Shangazi akasimama kama mtu anayetolewa harusini chakula hakijaja. Mlangoni akageuka. Kwenye filamu, yule bwana alikuwa amelala kitandani anatetemeka kwa homa, na usiku ule hakupika. Mlango ukafungwa.

Mimi nikaona mwisho. Mzee akauona, na dereva pia. Dada wa mapokezi, ambaye tulidhani hatazami, alikuwa ameacha kuandika.

Shangazi alipotoka, maandishi yalikuwa yanapanda na muziki unaisha. Mdomo ulikuwa mzito kwa ganzi na umejaa pamba. Akaonyesha televisheni kwa kidole, akatutazama mmoja mmoja.

"Mama, umekosa," mzee akaanza kwa furaha. "Kumbe yule anayekula ile saha—"

Shangazi akainua kiganja mbele ya uso wa mzee kama askari wa barabarani. Kisha akaziba masikio yake mawili, mkoba ukining'inia kwenye kiwiko, akatoka nje hivyohivyo. Nikamkimbilia.

Wiki ile nilikoma. Alikuwa akinipigia simu akiwa dukani, nasikia pasi inavyopumua nyuma yake.

"Usiniambie," ndivyo alivyoanza kila mara. "Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Huyo mtu anayekula, ni mrefu?"

"Shangazi, nikijibu nitakuwa nimekwambia."

"Basi nyamaza." Kisha: "Sahani anaosha kwa sabuni au maji matupu?"

"Shangazi."

"Haya, nyamaza."

Aliunguza ukosi wa shati la mteja. Nilipomshauri aniache nimweleze tu apumzike, akasema kwa upole usio wa kawaida yake, "Mwanangu, hili ni la kwangu. Sijawahi kushindwa na picha. Nataka nijue imenipitia wapi."

Siku ya kurudi kukaguliwa kidonda hakunihitaji, lakini aliniita, nami nilikwenda kwa sababu nilitaka kuuona uso wake. Daktari akamulika, akasema pamepona vizuri. Shangazi hakuinuka kitini.

"Daktari, ile filamu ya siku ile. Naomba kuiona."

"Ipi? Ile ya mkahawa?"

"Mkahawa gani?"

Daktari akavua glavu. "Si ile ya mkahawa wa mtu na mteja wake anayegombana naye kila siku? Mimi huisikia kupitia ukutani. Vijiko, sahani, wanatukanana, kimya, sahani tena. Maneno yake nimeyakariri yote. Ila sijaiona hata siku moja."

"Hakuna mkahawa," akasema Shangazi.

"Hakuna?" Akabaki amesimama na glavu moja mkononi. "Sasa zile sahani ni za nini?"

Mapumziko ya mchana dada wa mapokezi alifunga mlango wa mbele, tukakaa wanne kwenye benchi moja, kila mtu na alichobeba cha kula mapajani. Daktari alikuwa akishtuka kila dakika: kumbe huyu ndiye mwenye sauti nzito, nilidhani ni mnene. Shangazi safari hii hakutabiri. Alitazama mikono ya watu, milango, viatu, kama anavyokagua shati lenye doa lisilojulikana.

Ikafika ile homa. Yule bwana hakupika. Hakuna sahani iliyotoka. Kukacha. Akajikokota mpaka mlangoni, akafungua. Kizingitini palikuwa na sahani, lakini haikuwa yake. Ilikuwa ya bati, imefunikwa kwa gazeti. Ndani yake chakula kimeungua upande mmoja na upande mwingine ni kibichi, kazi ya mtu ambaye hajawahi kupika maishani. Akainua macho. Juu ya ukuta, ng'ambo ya mtaro, ndevu za jirani zikaonekana kidogo, zikazama. Yule bwana akakaa palepale kizingitini, akala yote. Kisha akapaza sauti, "Mwizi wa ardhi! Hata chumvi umeiba!" Na kutoka upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayecheka huku akijizuia.

Maandishi yakaanza kupanda. Daktari akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Alikuwa mbele ya macho yangu," akasema Shangazi. "Nikasema tusimtie maanani." Hakuonekana mwenye hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyezungushwa nyumba yake mwenyewe akaonyeshwa chumba asichokijua. "Sasa ile kesi, wataifuta?"

"Mimi nadhani wataifuta," akasema daktari.

"Hawafuti," akasema dada wa mapokezi. "Wakiifuta watakutana wapi?"

Shangazi akamgeukia yule dada, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Endelea," akasema. "Kwa nini unasema hivyo?"

Wakabishana mpaka mtu akagonga mlango wa mbele. Mgonjwa wa mchana amefika. Daktari akainuka akivaa koti. Mlangoni kwake akasita, akauliza ile diski iliyokwaruzika ilikuwa na nini, na kama kuna kitambaa laini cha kuifutia.

"Dukani kwangu vipo tele," akasema Shangazi. "Ijumaa mna wagonjwa wengi?"

Ijumaa tukaenda na kitambaa, diski ikafutwa, ikakubali. Ilikuwa filamu mbovu kupindukia: wezi wawili, mkoba mmoja, milio ya bunduki ambayo daktari aliijua yote tangu diski ikiwa nzima, na kuitamka kabla haijalia. Kabla ya nusu alirudi kazini kwa hiari yake. Shangazi na dada wa mapokezi waliitazama mpaka mwisho, wakibishana juu ya dereva wa wezi, ambaye alitokea mara moja tu na hakusema lolote.