Maiti wa Saa Nne na Robo

...na inzi huyu naye amefanya mdomo wangu kuwa barabara yake, anatembea ukingoni, anageuka, anarudi, nami siwezi kumfukuza kwa sababu nimekufa, nilikufa saa nne na robo asubuhi, imeandikwa kwenye kadi nyekundu iliyofungwa kwa uzi kwenye kifungo cha shati langu, Koplo Muthama, amepigwa na bombomu, ile bunduki ya rasharasha, na chini yake sahihi ya refa, na maiti hafukuzi inzi, hiyo ndiyo sheria, maiti hulala pale alipoanguka mpaka kipenga cha saa nane, hasemi, hanywi, hajivuti kivulini, ili wakubwa walio kule kilimani watuhesabu vizuri kwa darubini na kuandika ubaoni kwamba upande mwekundu umepoteza watu tisa mtoni... wao wanayaita mazoezi, mimi nayaita mchezo, watu elfu moja wazima wenye wake na watoto, nusu wekundu, nusu bluu, siku nne kwenye miiba ya huku Zombe, bunduki zinalia bila risasi, pa pa pa, kugombania kivuko cha mto usio na tone la maji, ukionekana unapulizwa kipenga, unaambiwa umekufa, unalala. Sasa ni saa sita. Mchanga unanichoma mgongo, ulimi umekuwa kipande cha ngozi, natamani kutema mate kwa kinyaa nilicho nacho na mate yenyewe hayapo, maana chupa zetu zilichukuliwa, refa alisema maiti hana kiu, maji wapewe walio hai waendelee na vita, na Sajini Mulei, aliyekuwa amekufa dakika hiyo hiyo, aliinuka kutoka wafu, akazikusanya chupa zote tisa, akampelekea kwa saluti, kisha akarudi kufa.

Na Mutie amenyamaza tena... nageuza macho tu, kichwa kibaki pale pale, namwona hatua mbili kutoka kwangu, amelala kwa ubavu na redio bado imemng'ang'ania mgongoni, Mutie wa Kasikeu, mbeba redio wetu, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, saa moja iliyopita alikuwa anaimba polepole wimbo wa Jumapili nami nikasema moyoni afadhali, huyu ana raha zake, kisha wimbo ukapotea njia, akaanza kumwambia mtu afunge ndama, funga ndama, mama atakasirika, na hapa hakuna ndama, hakuna mama, na shati lake lililokuwa limelowa kwapani limekauka kabisa, limebaki na chumvi nyeupe, na dresa wa kambini alituambia wazi, sikusahau, mtu akiacha kutoka jasho juani huyo mbebe mbio, kivuli na maji, usingoje... nikasema, "Sajini, Mutie ni mgonjwa," na Sajini Mulei, kifudifudi upande wangu wa kulia, akanijibu akiwa na mchanga mdomoni, "Koplo, maiti haiongei." Nikasema hana jasho. "Wewe ni daktari? Refa anatuona. Na jina yako iko kwa listi ya usajini, unataka ifutwe kama ile ya mwaka jana?" Nikanyamaza. Hivyo tu, nikanyamaza, mstari mmoja wa kushona begani ukanifunga mdomo, mwaka jana nilimuuliza kapteni swali moja mbele ya watu, moja tu, jina langu likafutwa, na mke wangu Mutindi alikuwa ameshawaambia majirani... refa alipita saa tano na nusu na kitambaa chake cheupe mkononi, akatutazama kutoka ukingoni, akasema, "Vizuri sana. Mmekufa vizuri. Platuni ingine wanacheka-cheka," akaandika kitu kwenye daftari akaenda zake, na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilifurahi kwamba nimekufa vizuri.

Kikosi ni mwili mmoja, Meja alituambia asubuhi akiwa juu ya Landrova, mimi ni kichwa, redio ni mishipa, nyinyi ni mikono na miguu, tukapiga makofi, hata mimi nilipiga, kisha kichwa kikapanda kilimani kikakaa chini ya turubai na thamosi ya chai, mikono na miguu ikateremka mtoni kwenye jua, mwili wa namna gani huo... na niliona, sikuambiwa, niliona kwa macho haya vumbi likitua upande wa kushoto nyuma ya migunga, nikajua bombomu ya bluu imewekwa pale, nikamwambia Mutie aseme, Mutie akamwambia luteni, luteni akamwambia kapteni, kapteni akamwambia Meja, habari ikapanda kile kilima kama mgonjwa anayekokotwa, ikipumzika kwa kila mkubwa, kila mmoja akiipunguza kidogo isimletee lawama, vumbi likawa vumbi kidogo, vumbi kidogo likawa labda upepo, na amri ikashuka kama jiwe, "Kwa ramani hakuna kitu kushoto. Vuka." Tukavuka. Tulikuwa tunajua, wote tisa, nilimwona Mutie akitabasamu kwa ujinga wa jambo lenyewe, na tukavuka kwa mstari mzuri, nafasi ya hatua tano, mabega sawa, tukafa kwa utaratibu... aliye juu mngoje chini, ndivyo wasemavyo, basi mimi niko chini kweli, siwezi kuwa chini zaidi ya hapa, namngoja, na aliye juu yuko juu anakunywa chai.

Baba yangu Kilonzo alirudi Kikima kutoka vita vya Wazungu huko Burma na medali moja na neno moja, medali akaifungia kwenye mkebe, lile neno akatulisha sisi wanawe kila jioni, kwamba Mkamba ni askari kwa sababu haulizi, afisa wake alimwambia hivyo akimpiga bega, naye akalibeba baharini na kwenye garimoshi mpaka Mbooni kana kwamba amepewa ng'ombe, tii kwanza, utauliza baadaye, na hiyo baadaye sikuiona ikifika, mzee alikufa hajauliza kitu, nami siku ya kuandikishwa nilisimama uchi mbele ya meza, wakanitazama meno, wakaniuliza kabila, nikasema, wakatazamana wakacheka, mzuri, huyu anatii, na mimi nikatoka pale kifua mbele, mpumbavu, nimesifiwa sifa ya punda na nikarudi nyumbani kusimulia. Inanichafua roho. Yaani nikikumbuka uso wangu siku ile... na mama yangu hakuwa na redio wala ramani, alikuwa na jembe, mwethya wao, kikundi cha kusaidiana kazi, walikuwa wanawake arobaini wakichimba matuta mlimani Mbooni kwa wimbo mmoja, Kaluki ndiye aliyekuwa kiongozi wao na Kaluki alichimba mstari wa mbele, ndivyo ilivyojulikana kama jua ni kali, kwa jasho lake mwenyewe, na siku ile mwanamke mmoja alipoanguka wimbo ulikatika katikati ya neno, arobaini wote jembe chini, hakuna aliyeuliza nani karuhusu, hakuna aliyesema ngojeni kipenga, nilikuwa mtoto nimekaa kwenye tuta nikaona mikono ile yote ikimfikia kwa wakati mmoja, na nilidhani watu wote hufanya hivyo, nilidhani ni kitu cha kawaida kama kupumua.

"Hawa nao wamefanya nini?" Sauti ya mwanamke, Kikamba cha huku kwao Kitui, na mbuzi, mbuzi wanapita katikati yetu, mmoja ananusa buti langu, sisogei, mama mmoja mrefu wa shuka ya buluu na fimbo, ana hasira ya mtu aliyekuta nyumbani kwake kumejaa wageni, "Nyinyi, mbona mmelala juani?" Maiti wanane kimya. Namjibu kwa pembe ya mdomo, "Tumekufa, mwaitu." "Mmefanyaje?" "Tumekufa. Ni mchezo, mama yangu, mpaka saa nane." Ananitazama kama mtu atazamavyo mlevi mchana, kisha anamtazama Mutie, anainama, anamgusa shingo kwa nyuma ya mkono. "Na huyu naye ni mchezo?" Kipenga, kule ukingoni, refa anapunga mikono, "Wewe mama! Toa mbuzi! Hapa ni vita!" na mama anainuka, anapiga kelele kuliko kipenga, "Vita gani, na mbuzi wangu wanakunywa hapa?" na anaonyesha kwa fimbo, hapo, pale mto unapopinda, shimo mchangani limezungushiwa miiba, "Maji yako hapo, nimechimba jana kwa mikono yangu, na nyinyi mnakauka hapa kama samaki?" Hatua mia. Labda mia na ishirini. Ramani ya Meja inasema hakuna maji, tukalala kwa muda wa saa mbili karibu na maji kwa sababu ramani imesema hakuna, na Mutie akapika ubongo wake hatua mia kutoka majini, ptu, sina mate lakini ptu. Mama ameweka fimbo chini. Amemshika Mutie mkono mmoja, anavuta, Mutie ni mzito, na redio ni nzito zaidi, anahema, ananigeukia. "Shika huo mkono mwingine. Kwani wewe umekufa kweli?"

Na sisogei. Nauambia mwili wangu inuka, na mwili haunisikii, umelala, unasikiliza mahali pengine, nami nasikiliza pamoja nao nijue tunasikiliza nini, na nalijua, na ndilo jambo chafu kuliko yote ya leo, nangoja amri... nangoja Sajini aseme, nangoja refa apulize, nangoja kilima kifikirie, mtu anakufa hatua mbili nami nangoja kuambiwa, na kibaya zaidi, acha niseme ukweli walau kichwani mwangu ambako hakuna wa kuniandikia ripoti, kibaya zaidi nilikuwa nastarehe, tangu saa nne na robo nilikuwa na raha fulani, kwa sababu maiti halaumiwi, Mutie akifa itakuwa jua, itakuwa refa, itakuwa Meja na ramani yake, si mimi, mimi nilikuwa nimekufa na nina sahihi, na nimewachukia wale wa kilimani asubuhi nzima, nimewalaani mpaka laana zimeniisha, kumbe hakuna mmoja wao aliyeteremka kunishika mkono huu, umeshikwa na mimi mwenyewe, uoza ninaounusa ni wangu, ni wangu, ni wangu... na mkono unasogea. Vidole kwanza. Kisha magoti, na jua linanizunguka kichwani, nimemshika Mutie kifundo cha mkono na ni moto, mtu anawezaje kuwa moto hivi, lakini pumzi ipo, fupi, ya juu juu, ipo. Namvua redio. Kipenga kinalia tena na tena. "Sajini," nasema, kwa sauti yangu kamili. "Nyamaza, Koplo." "Sajini Mulei, shika miguu." Na nasikia kitu ambacho sikukitarajia, sauti yake ndogo, uso bado mchangani, "Hiyo ni amri?" Mtu wa mistari mitatu ananiuliza mimi wa miwili. Angekuja hata hivyo, naona sasa, saa nzima alikuwa tayari, alikosa tu neno la kumwinua, kama mimi, kama baba, na ningependa kumwambia hapana, hakuna amri, njoo kwa sababu ni Mutie, njoo tu, lakini pumzi ya Mutie haina nafasi ya kumfundisha mtu wa miaka arobaini. "Ndiyo," nasema, "ni amri," naye anainuka kabla sijafunga mdomo, anashika miguu, na wale sita wengine nao wanaanza kuinua vichwa mchangani, mmoja mmoja, hawamtazami mama, hawamtazami Mutie, wananitazama mimi, wanangoja niseme.